Nyimbo Tulizohifadhi Suna

Nilichomoa waya wa spika kwenye mazishi ya Pamela, na mpaka leo kuna watu hapa mjini Homa Bay wanaovuka barabara wakiniona nakuja. Acha wavuke. Wanasema mwanamke wa umri wangu, mwenye duka lake la kutengeneza kompyuta na wateja wa maana, hawezi kwenda kuvuruga mazishi ya mtu aliyewahi kula naye sahani moja. Hakuna hata mmoja wao aliyeniuliza ni wimbo gani uliokuwa ukipigwa. Tulikuwa chini ya mahema, upande wa Mbita, jeneza liko mbele, na wenzake wa redio wamevaa fulana zenye picha yake. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, nimetulia kabisa, nimekuja kumzika mtu niliyempenda na ambaye sikuwa nimezungumza naye tangu ujana wetu. Kisha Felix, mtu wa muziki kutoka Kisumu niliyemjua zamani, akapewa maiki. Nywele zimemtoka, tumbo limemtangulia, lakini sauti ni ile ile ya kubembeleza. Akasema marehemu alikuwa mama wa utamaduni. Akasema yeye na marehemu ndio waliookoa nyimbo za akina mama wa ziwani zisipotee. "Na sasa," akasema, "tumsindikize dada yetu kwa ule wimbo tuliotengeneza pamoja."

Tuliotengeneza! Mpiga muziki akagusa simu yake, tukangoja kidogo hadi mtandao ukubali, halafu ikatoka sauti ya mwanamke ninayemjua, anamlilia mtoto wake aliyekufa, na chini ya kilio hicho ngoma ya kompyuta inadunda kama tuko disko. Watu wakaanza kutikisa mabega. Mama mmoja karibu nami akapiga kigelegele. Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka waya ukiwa mkononi mwangu na ule ukimya, na mimi nikipaza sauti bila maiki: "Huu ni wimbo wa msiba! Mwenyewe ni Mama Akoth wa Takawiri, na anayeliliwa hapo ni binti yake!" Mwongozaji wa shughuli akasema, "Mama, tafadhali, tuheshimu marehemu." Felix akanijia polepole, anatabasamu kwa ajili ya watu. "Boke," akaninong'oneza, "bado una hasira tu? Mambo ya zamani hayo." Nikamwambia, "Ya zamani? Si umeupiga sasa hivi?" Wahudumu wawili wa kanisa wakanishika viwiko kwa upole, kama mtu anayeugua, wakanitoa hadi langoni. Nyuma yangu wimbo ukaendelea pale pale ulipokatikia.

Ndiyo, nina hasira bado, na nimeamua kuiandika kwa sababu siku ile sikupewa nafasi ya kuisema ikaisha. Sitasimulia nilizaliwa wapi wala wazazi wangu walikuwa akina nani. Inatosha kusema mimi ni Mkuria, na kwamba nilishuka Suna, pale Migori, nikiwa na miaka ishirini na kitu, nimebeba kompyuta ya mezani niliyokuwa nimeifunga kwa shuka. Pamela alikuwa amekodi chumba cha mabati nyuma ya stegi ya matatu, akiuza chaja na kadi za simu. Alinitazama nilivyoiweka chini ile mashine kwa uangalifu, akauliza, "Hiyo kitu inafanya kazi?" Nikasema inafanya. "Iko na nyimbo?" Nikasema ziko. Akaniangalia tena, kisha akauliza swali lililoamua mwaka wangu mzima: "Na unalala wapi?"

Nililala kwake. Chumba kiligawanywa na ubao mwembamba. Mbele kulikuwa na kaunta, mashine na spika mbili. Nyuma kulikuwa na kitanda kimoja, jiko la mafuta, na kamba ya nguo iliyopita juu ya vichwa vyetu. Jua likiwaka, mabati yalitupika. Mvua ikinyesha, hatukusikia wimbo wowote hata tuzidishe sauti namna gani. Tulizungumza Kiswahili, changu cha shule na chake cha kuchanganya, kwa sababu yeye hakujua Kikuria na mimi sikujua Dholuo, lugha ya Wajaluo. Tulikula omena, dagaa wa ziwani, aliyokaanga kwa nyanya hadi ikawa nyekundu, na ugali wa mtama na muhogo, ambao kwao na kwetu unapikwa sawasawa, ila kila mmoja alidai wa kwao ndio asili. Mboga zake chungu zilinishinda mwanzoni. "Kula, wewe," alikuwa akiniambia, "zinasafisha damu." Nilipougua malaria, alifunga duka na kukaa kitandani ameweka kichwa changu pajani, akinipangusa kwa kitambaa na kuwatukana kwa sauti wateja waliogonga mlango. Nayaandika haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu bila haya hakuna atakayeelewa ni kwa nini hasira yangu haikupoa.

Kazi yetu ilikuwa kuwawekea watu nyimbo kwenye simu. Wakati huo intaneti ilikuwa kitu cha ofisini na cha saiba, yale maduka ya kulipia intaneti, tena polepole. Sisi kila kitu kilikuwa ndani ya mashine. Wimbo usipokuwa ndani, haupo. Madereva wa malori ya miwa kutoka Awendo walikuja na kadi zao ndogo wakitaka benga, muziki wa gitaa wa Kijaluo, watu wa mpakani walitaka nyimbo za Tanzania, na vijana walitaka chochote kilichokuwa kikipigwa Nairobi. Nilikuwa na programu ya kupanga muziki, na niliipenda kuliko nilivyowahi kupenda kitabu chochote. Uliandika herufi chache tu, ikakuletea kila kilichofanana nazo. Kila wimbo ulikuwa na mstari wake, na kila mstari ulikuwa na nafasi: jina la wimbo, jina la mwimbaji, albamu, mwaka, aina. Ungeweza hata kubandika picha. Ukiacha nafasi ya mwimbaji wazi, programu ilijijazia yenyewe kwa Kiingereza: Unknown Artist. Pamela alikuwa akiyachukia hayo maneno. "Msanii asiyejulikana," alisema siku moja, akinyooshea kioo cha kompyuta kidole kilichojaa unga. "Hajulikani na nani? Si ana mama yake?"

Wazo la kukusanya nyimbo za akina mama lilikuwa lake. Namwachia sifa hiyo, hata kama mengine yote nimemnyang'anya moyoni. Alisema benga za wanaume ziko kila mahali, lakini dodo, nyimbo wanazoimba akina mama wa Kijaluo harusini, kwenye vikundi vyao na kwenye misiba, ziko kwenye kanda chakavu chini ya vitanda, na panya wanazitafuna. Akaanza kuwaambia wanawake sokoni. Wakaja. Walileta kanda zilizofungwa kwenye nailoni, kwenye leso, nyingine zimefungwa na kalamu ndani kwa ajili ya kuzungusha utepe. Niliunganisha redio kaseti na kompyuta kwa waya mmoja, na hapo hapakuwa na njia ya mkato: wimbo uliingia kwa urefu wake wote, nasi tulikaa tukisikiliza, tukiomba stima isipotee. Stima ilipopotea tulianza upya. Kulikuwa na kanda za Rongo, za Awendo, za ufuo wa Homa Bay. Wanawake wa kwetu Kuria nao walisikia, wakashuka kutoka Kehancha na nyimbo zao, na siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa mkalimani, Pamela amekaa anatikisa kichwa bila kuelewa neno hata moja, anacheka.

Kwa kuwa nilielewa maneno ya zile dodo kidogo kuliko mtu yeyote, nilijishikiza kwenye majina. Nilimuuliza kila mama: nani anaanzisha, nani anaitikia, mlikuwa wapi, ilikuwa sherehe gani. Programu ilikuwa na aina zake za muziki, za ng'ambo, ambazo nusu yazo hatukuzielewa; tukafuta, tukaandika Dodo. Tukawapiga picha kwa simu ya Pamela, pale pale kaunta, mama akijifunga kitambaa vizuri, na picha ikakaa kando ya wimbo wake. Wengine walirudi tena na tena, wakija na dada zao, kusudi tu wakae kwenye benchi waone uso wao ukitokea wimbo unapoanza. Nilijifunza Dholuo kwenye benchi hilo. Nilijifunza kwa kurudia mstari mmoja hadi nijue mahali pa kuukata, na nilipojua mahali pa kuukata nilikuwa nimeshajua maana yake. Sikumwambia Pamela. Nilitaka nimshangaze siku moja.

Mama Akoth alikuja kutoka kisiwa cha Takawiri. Alikuwa akileta omena soko la Migori, mwanamke mfupi, mabega mapana, mdomo mkali; aliingia dukani akamfukuza dereva aliyekuwa amekaa kwenye benchi kwa kumtazama tu. Akatoa kanda moja kifuani. Hakuiweka kaunta, aliishika. Alisema kwa Kiswahili, kwa ajili yangu, "Hii mashine inameza sauti, ama inarudisha?" Nikamwambia inarudisha. Akasema, "Ndani ya hii kanda niko na mtoto wangu." Akoth alikuwa kifungua mimba wake, alizama akirudi kutoka Mbita, na siku ya maziko yake, Mama Akoth aliimba hadi sauti ikakauka. Mtu wa kanisa aliyekuwa akirekodi mahubiri aliiacha redio ikiendelea. Tuliingiza wimbo ule Mama Akoth akiwa amekaa kati yetu. Hakulia. Alikuwa ametazama kioo, ule mstari wa sauti unaopanda na kushuka, na mkono wake ulikuwa juu ya goti la Pamela. Wimbo ulipokwisha akasema, "Hii si ya simu za watu. Hii si ya baa. Mkitaka kusikia, sikieni nyinyi. Nikifa, mpeni mjukuu wangu." Pamela akamjibu kwa lugha yao, akimshika mikono yote miwili, na mimi nilielewa kila neno. Alimwambia, mama, hizi nyimbo ni mayai, na sisi tumezilalia. Tulikuwa tumewaahidi hivyo wote. Nyimbo za akina mama zilikaa kando, na hakuna aliyewekewa simuni isipokuwa mwenyewe na kikundi chake.

Felix alitokea Kisumu. Alijiita prodyusa. Alikuwa na miwani ya jua na begi jeusi la kompyuta, na aliposikia kwa mara ya kwanza kilichokuwa ndani ya mashine yetu alivua miwani. Alikuja tena wiki iliyofuata, na iliyofuata hiyo. Aliketi kwenye benchi la akina mama. Alimwambia Pamela ana sauti ya redio, na hakudanganya. Pamela alikuwa na sauti ambayo ungeisikiliza ikisoma bei ya sukari. Felix akaanza kumletea samaki wa kukaanga kutoka hotelini, akisahau kwamba tuko wawili. Pamela akaanza kujipaka mafuta ya kunukia asubuhi. Jioni moja tukiosha vyombo akaniambia, bila kunitazama, "Boke, unajua hapa Suna tutazeeka tukiwawekea watu nyimbo?" Nikamwambia mimi sina haraka ya kwenda popote. Akasema, "Wewe huna."

Siku yenyewe ilikuwa ya soko. Nilikwenda kununua nyanya, nikarudi mapema kwa sababu mvua ilikuwa ikikusanyika. Mlango wa mbele ulikuwa umerudishwa, nikapitia nyuma, nikaingia upande wa kitanda. Walikuwa ng'ambo ya ubao, wanazungumza Dholuo kwa sauti ya kawaida kabisa. Felix alikuwa akiuliza kama zote zina ubora mzuri, hata zile za misiba. Pamela akajibu, "Kaw duto." Chukua zote. Nikasimama na nyanya zangu. Felix akauliza, na yule Mkuria wako, je? Pamela akacheka kidogo, kile kicheko chake nilichokijua, na kusema, "Ok owinj Dholuo." Haelewi Dholuo. Sijui ni lipi kati ya hayo mawili lililonichoma zaidi. Nadhani ni kicheko.

Nilipita kwenye kijimlango cha ubao. "Anachukua nini?" Pamela akashtuka, kisha akajipanga upesi. "Nyimbo za dansi tu, za sherehe." Kwenye kioo ile programu ilikuwa imefunguka, orodha yote ya Dodo imechaguliwa, imekuwa ya buluu kuanzia juu hadi chini. Felix alikuwa ameshachomoa diski yake ya kuhifadhia na kuitia begini. Nikamwambia aweke begi mezani. Akanitabasamia kama vile mimi ni mtoto aliyesema kitu cha kuchekesha, akaanza kutoka. Nikalishika begi. Nililivuta hadi mkanda ukakatika upande mmoja, nyanya zikatawanyika sakafuni, tukazikanyaga, na nilikuwa karibu kulipata. Nina hakika nilikuwa karibu kulipata. Ndipo Pamela akanishika kwa nyuma, mikono yote miwili kuzunguka kifua changu, akanikaza kwa nguvu zake zote, akisema sikioni mwangu, "Wacha, Boke, wacha, wacha," mpaka tukasikia pikipiki ikiondoka. Mikono ile ile iliyonipangusa jasho la malaria. Hilo ndilo ninalolikumbuka wakiniambia marehemu alikuwa mama wa utamaduni.

Tuliendelea kulala kitanda kimoja kwa sababu kilikuwa kimoja. Alipika, nikapika changu. Alijaribu kunieleza: Felix atazifanya nyimbo zijulikane, Felix ana mtu redioni, akina mama wenyewe watafurahi wakijisikia. Nikamwuliza kama alimwuliza hata mmoja wao. Akasema, "Wewe hukuzaliwa huku, huwezi kuelewa." Nikamjibu kwa Dholuo, Dholuo yangu mbovu ya benchi, kwamba nilielewa tangu alipotaja mayai. Hakusema Dholuo mbele yangu tena, na sijawahi kuona mtu akijificha kwa kunyamazia lugha yake mwenyewe.

Felix alizitoa nyimbo zile kwenye CD, nayo ilianza kusikika kabla ya mvua ya masika kwisha. Niliisikia mara ya kwanza nikiwa Awendo, baa moja kando ya barabara ya malori, mchana kweupe. Niliitambua sauti ya Mama Akoth kabla sijaitambua ngoma iliyowekwa chini yake. Wanaume walikuwa wakicheza na chupa mkononi. Mmoja alikuwa amefumba macho, ameinua kidole juu, na kila Mama Akoth alipoliita jina la mwanawe, yeye aliitikia "Hee!" Nikaingia nikamwuliza mwenye baa hiyo ni ya nani. Akanionyesha kasha. Juu yake kulikuwa na picha ya Felix na miwani yake, na chini jina la Felix, na nyuma orodha ya nyimbo zilizopewa majina mapya. Hapakuwa na jina la mwanamke hata mmoja. Yale majina yote niliyoyauliza, niliyoandika herufi moja moja, niliyowarudia akina mama kuhakikisha, alikuwa ameyafuta kama mtu anayefuta meza.

Akina mama wakaja dukani. Hawakuja kwa kelele, na hilo lilitisha zaidi. Walisimama mlangoni, wengine barabarani, Mama Akoth mbele na kasha la CD mkononi. Alikuwa ameletewa na mkwewe kama zawadi. Mkwewe alidhani amefurahi. Akamwuliza Pamela jambo moja tu: imetokaje hapa? Nilimtazama Pamela. Nilingoja. Nilikuwa tayari, Mungu ni shahidi, kusimama kando yake kama angesema ukweli. Pamela akaninyooshea kidole. Akasema mashine ni ya Boke, mambo ya mashine anayajua Boke, yeye Pamela kazi yake ni chaja. Wanawake wakanigeukia, na nikasikia neno "Mkuria" likipita kutoka mdomo hadi mdomo likienda hadi barabarani.

Nikasema, "Ok an." Si mimi. Kisha nikaendelea, nikikosea kila neno la pili, nikawasimulia begi, na mkanda, na mikono. Mama mmoja akaicheka Dholuo yangu, akanyamazishwa. Mama Akoth alinisikiliza hadi mwisho, akamtazama Pamela, aliyekuwa ameinamia kaunta. Sikujua kama aliniamini. Aliuliza, kwa Kiswahili, "Mashine ni ya nani?" Nikasema ni yangu. "Basi sauti yangu ilitokea kwako," akasema. "Sitaki kulia kwako. Sitaki pole. Utakuja Takawiri na kila kitu ulichonacho, tukitazame." Wakaondoka. Pamela alifungasha wiki ile ile. Alikwenda Kisumu, akapata redio yake, na kwa miaka yote aliyotangaza alipiga nyimbo zile, akisema kwa ile sauti yake nzuri kwamba ni za asili, za wazee wetu. Alipokuwa akifunga mkoba aliniambia, "Utanishukuru siku moja kwamba zimetoka." Nikamwambia asisahau sufuria yake.

Nilihamishia mkusanyiko wote kwenye kompyuta ya mkononi iliyotumika, yenye betri ya kusuasua, nikapanda gari hadi Homa Bay, nikafika Mbita, nikavuka kwa mashua. Njia nzima niliibeba kompyuta kifuani, si kwa kuogopa maji, bali kwa kuogopa watu. Mama Akoth alikuwa ufuoni akigeuza omena kwenye nyavu zilizotandazwa juani. "Umekuja," alisema, akaendelea kugeuza hadi akamaliza safu. Tukaingia kanisani, jumba la mabati lenye jenereta, na wanawake wakajaa mabenchi. Nikapiga nyimbo zao kama nilivyozihifadhi, na kabla ya kila wimbo nilisoma kwa sauti kilichoandikwa: nani ameanzisha, nani ameitikia, wapi. Walicheka kusikia walivyokuwa na sauti nyembamba zamani. Walilia waliposikia wenzao waliokwisha kufa wakiitikia. Mimi nilikuwa bado nina hasira tangu Awendo, na kucheka kwao kulinizidishia, kwa sababu nilijua kitakachofuata.

"Sasa weka ile ya Felix," akasema Mama Akoth. Nikamwomba asiisikie. Akasema, "Watu wa baa wamesikia, mimi nikatazwe?" Nikaiweka. Ngoma ikaanza kudunda ndani ya kanisa. Mama mmoja akajifunika uso kwa leso, mwingine akatoka nje. Mama Akoth alisikiliza yote, hadi mwisho, ameinamisha kichwa upande mmoja kama mtu anayesikiliza mgeni akigonga. "Jina langu liko wapi?" akauliza. Nikasema alilitoa. "Litatolewaje?" Nikamwonyesha. Nilibonyeza jina lake, nikalifuta, nikaandika neno lolote. Nikafuta tena, nikaacha wazi, na programu ikajaza maneno yake ya Kiingereza. Nikamfasiria. Nilipolirudisha jina lake alikuwa ameshasimama.

"Kwa hivyo jina liko nje ya wimbo," alisema. "Kama koti. Mtu anaweza kulivua akaenda nalo."

"Ndiyo, mama."

"Washa hiyo ya kurekodi."

Akaimba. Ulikuwa wimbo ule ule wa Akoth, njia ile ile, lakini haukuwa kilio tena. Pale alipokuwa akisema "mwanangu" tu, sasa alitaja jina lote la mwanawe, na jina la ufuo, na jina lake mwenyewe na la mama yake aliyemzaa, akayasuka katikati ya mstari, si mwanzoni wala mwishoni. Halafu akamtaja Felix. Akamtaja kwa jina, na miwani yake, na begi lake jeusi, na akasema huyu ndiye aliyefukua kaburi la mtoto apate ngozi ya kuwambia ngoma. Wanawake wakashtuka. Kisha wakaitikia. Kila alipoita, waliitikia jina la Felix, na walilitamka kama mtu anavyotema mwiba wa samaki. Mabati yalirudisha sauti. Mikono yangu ilikuwa juu ya kompyuta na nililia, sikujali, na haikuwa huzuni.

Alipoketi alikuwa anahema. "Sasa toa jina, tuone," akaniambia. Niliupitia wimbo kichwani mwangu kama nilivyozoea, nikitafuta pa kukata, hapa, na hapa. Ukikata Akoth, mstari unakufa. Ukikata Felix, hakuna kiitikio. "Haitoki," nikamwambia. Akasema, "Andika basi," nami nikaandika, na wengine wakaanza kusukumana mbele, kila mmoja akitaka kuimba upya wa kwake, na tulirekodi hadi jenereta ikakohoa na kuzima.

Nyimbo zile za kwanza Felix amezipandisha zote mtandaoni, kila moja chini ya jina lake, na mwenye bando anaweza kuzisikia sasa hivi. Huu wa Takawiri nimeutafuta huko mara nyingi na sijauona. Mama Akoth amekwisha kufa. Mimi ninao ndani ya mashine ambayo sijawahi kuiunganisha na mtandao wowote, vikundi vinao kwenye simu zao, na ukifika ufuoni kwao asubuhi utawasikia wasichana wakiuimba wanapoanika omena. Wengi wao hawamjui Felix ni nani. Wanajua tu alichofanya.